Sarafu Nne za Boazi

Boazi Nzunda alikuwa na desturi ya kuvua viatu kabla ya kukanyaga grini. Mvua inyeshe, baridi ya Mbozi ing'ate vidole, viatu vilibaki ukingoni vimepangwa sambamba kama vya mtu aliyeingia ukweni. Wafanyakazi wa shamba la kahawa walizoea kumtania.

"Mzee Boazi, leo mkweo yupo?"

"Yupo," alijibu bila kugeuka. "Na amekasirika, kwa hiyo nyamazeni."

Shamba hilo liko njia ya kwenda Itaka, na katikati ya kahawa kuna kiwanja kidogo cha gofu chenye mashimo tisa, kilichoachwa na walowezi walioondoka zamani. Kila shimo limezungukwa na kipande cha nyasi fupi mno, laini kama zulia, na hicho ndicho wachezaji hukiita grini. Mpira ukishafika hapo haupigwi tena. Unasukumwa kidogo tu, unabingirika polepole, unakwenda kutumbukia. Nyasi zikiwa ndefu huku na fupi kule, mpira unapinda njiani, mchezaji anakosa, na mchezaji aliyekosa hajilaumu hata siku moja. Anamlaumu mkata nyasi.

Mkata nyasi alikuwa Boazi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alizaliwa Itaka, akaanza kwa kuchuma kahawa, akapanda cheo akawa mbeba vijiti vya wachezaji, na mwisho akakabidhiwa mashine. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini yeye hakuona kama ni hasara. Alisema macho hudanganya, nyayo hazidanganyi. Kwa nyayo alijua umande umekauka kiasi gani, mchwa wameanza kuchimba wapi, na jana mtu gani mzembe alipita na viatu vya visigino.

Siri ya kazi yake ilikaa ndani ya kopo la ugoro.

Kopo hilo alilirithi kwa Mzee Kefa, aliyeshika mashine kabla yake. Kipimo halisi cha mashine kilipotea siku nyingi, na Kefa akajibunia cha kwake: sarafu nne za mia mbili, zile zenye simba. Mashine ilipandishwa juu ya bamba la chuma lililonyooka, lililokatwa kwenye tela la lori lililopinduka karibu na Tunduma. Nati zililegezwa, kisu cha chini kikashushwa taratibu mpaka kikakalia sarafu mbili zilizopandana upande wa kushoto na mbili zilizopandana upande wa kulia. Nati zikakazwa, sarafu zikatolewa, zikarudi koponi na grisi yake. Hapo nyasi zilitoka urefu mmoja grini nzima, kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi siku moja kabla ya shule kufunguliwa.

"Usimwonyeshe mtu," Kefa alimwambia siku anastaafu. "Wakijua kazi yako inaenea kwenye kopo, watakutoa wewe, wabaki na kopo."

Boazi aliyashika maneno hayo kuliko alivyoshika mahubiri mengi. Miaka yote kopo lilikaa kwenye banda la mashine, nyuma ya dumu la dizeli, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna aliyejali. Mpaka mwisho wa mwezi wa pili, alipokuja Lusubilo.

Lusubilo alikuwa mtu wa Momba aliyevuka mpaka akiwa kijana, akakata nyasi za viwanja vya gofu huko Kitwe, Zambia, miaka kumi na miwili. Sasa mkewe alitaka kurudi kukaa karibu na wazazi Tunduma, naye akaja kuomba kazi. Meneja wa shamba, mama mmoja mkavu wa maneno aliyeitwa Madam Diana, alimwajiri siku hiyohiyo na kumleta bandani.

"Mzee Boazi, nimekuletea mwenzako. Anajua mashine."

"Karibu," alisema Boazi.

"Asante, mukwai," alisema Lusubilo, akiinama kidogo, kwa adabu ya kule Zambia. Kisha akaitazama mashine, akaizunguka, akagusa kisu chake kwa kidole gumba. "Mnapima na nini hapa? Sijaona kipimo."

Ndilo swali la kwanza alilouliza. Hajauliza choo kiko wapi, hajauliza chai inanywewa saa ngapi. Boazi alimtazama mtu huyu mwenye tabasamu lisilokwisha, akakumbuka maneno ya Kefa.

"Napima kwa uzoefu," alijibu.

Jioni hiyo alipoondoka alilichukua kopo, akaenda nalo nyumbani. Akalitia kwenye mfuko wa koti la mvua linaloning'inia nyuma ya mlango, na mkewe Nesta alipouliza ni kitu gani, akamwambia ni mambo ya kazi. Tangu siku hiyo kopo lilikwenda kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni, kama mwanafunzi.

Balaa lilianza wiki iliyofuata.

Boazi alipima mashine Jumatatu, kama kawaida yake, akakata. Asubuhi ya Jumanne alivua viatu, akakanyaga grini ya kwanza, akasimama. Nyayo zilimwambia kuna ngazi. Ngazi nyembamba kama uzi, lakini ngazi. Aliinama mpaka shavu likakaribia umande, akaona. Kila mahali mashine ilipopita, ukingo wa kushoto wa mkato ulikuwa umenyolewa zaidi, nyasi zimekuwa nyeupe kama ngozi ya kichwa, na ukingo wa kulia umebaki na kijani chake. Mstari kwa mstari, grini nzima, kama suruali ya kodrai.

Alidhani amekosea kukaza nati. Alhamisi alipima upya, polepole, akikaza huku akihesabu mizunguko ya spana. Akakata. Ijumaa akakanyaga, na mara hii nywele zilimsimama. Ngazi ilikuwapo, lakini imehama. Kipara sasa kilikuwa upande wa kulia.

Mashine ikiharibika huharibika mahali pamoja. Kisu kikipinda, kimepinda hapo kilipopinda. Ugonjwa unaohama upande mmoja kwenda mwingine hauko kwenye chuma, alijiambia Boazi. Uko kwenye mkono wa mtu.

Na mikono iliyoingia bandani ilikuwa ya watu wawili tu.

Lusubilo mwenyewe ndiye aliyezidisha moto. Alikuja akachuchumaa ukingoni, akafumba jicho moja, akasema, "Mzee wangu, mashine inalala upande. Tuipime upya, mimi na wewe."

"Imepimwa."

"Najua imepimwa, mukwai. Lakini inalala."

"Kule Kitwe mlikuwa mnafundisha wazee kazi?"

Lusubilo alicheka kama mtu aliyetaniwa. Boazi hakuwa ametania. Alimwangalia akiondoka na reki begani, anapiga mluzi wa wimbo wa Kibemba, akawaza: anajuaje inalala upande kabla ya kuinusa, kama si yeye aliyeilaza?

Kuanzia hapo Boazi akawa mpelelezi. Alifunga uzi mweusi kwenye pete ya mlango wa banda, akaufunga kwa fundo la pekee. Asubuhi akaukuta umekatika. Jambo hilo lilimfurahisha vibaya, mpaka alipomwona mjusi mnene juu ya kizingiti, akaona afadhali kutomhesabu shahidi huyo. Akapaka unga wa dona kwenye nati za kisu, kidogo tu, ili mtu akizigusa aache alama. Unga ulibaki ulivyo. Hilo nalo lilimtia wasiwasi zaidi, maana mtu mjanja kiasi cha kutogusa unga ni mtu hatari.

Kisha akaviona vikaratasi.

Vilikuwa chini ya mashine, vyembamba kama tambi, vimekatwa safi kabisa, vingi. Kimoja kilikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu: herufi tatu na nusu. Boazi alivikusanya kimoja kimoja kwa ncha za vidole, akavifunga kwenye leso. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, tena wazazi wake walizikwa kwa nyimbo za kanisa, lakini alikuwa pia mtu wa Mbozi, na alijua kwamba karatasi haijikati, haijiandiki, wala haiendi kulala chini ya mashine ya mtu kwa bahati mbaya.

Nyumbani alimwonyesha Nesta.

"Unaona hii?"

Nesta alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Siku mbili kwa wiki alipanda basi dogo kwenda Tunduma na kuvuka na mzigo wake mpaka sokoni Nakonde, upande wa Zambia, na siku zilizobaki aliandaa mzigo. Alitupa jicho moja. "Karatasi."

"Za nini?"

"Baba Gwantwa, mimi nitajuaje? Muulize mwenye karatasi."

"Huyo ndiye simuulizi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi fua nguo," alisema Nesta, akaendelea na maharage yake.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Madam Diana alikuja kiwanjani na mpira mfukoni. Jumamosi kulikuwa na mashindano. Wachezaji wa Tunduma, wengi wao mawakala wa forodha, walikuwa wamewaalika wenzao wa Nakonde, na wenye shamba walikuwa wanakuja kutazama. Meneja aliuweka mpira kwenye grini ya nne, akausukuma kwa ncha ya kiatu kuelekea shimo. Mpira ulianza vizuri. Ukafika kwenye mstari, ukasita, ukafuata mstari kama ng'ombe anavyofuata njia ya mtoni, ukalipita shimo kwa hatua mbili.

"Mzee Boazi."

"Madam."

"Hii ni grini au ni matuta ya viazi?"

Boazi aliinama, akauokota mpira, akampa.

"Wenye shamba wakiona hivi Jumamosi, mimi sitakuwa na la kusema. Nitampa Lusubilo mashine, wewe utakwenda kwenye kinu cha kahawa kufagia maganda. Si kwa ubaya. Nyasi hazina heshima ya umri."

Miaka kumi na tisa. Boazi alijiona ameshika ufagio kwenye vumbi la kinu, viatu mguuni, hajui umande wa siku hiyo ukoje. Akatoa leso.

"Madam, kuna mtu anaichezea mashine. Huyu bwana alipokuja ndipo ugonjwa ulipokuja. Na hivi nimevikuta chini yake."

Madam Diana aliangalia vikaratasi, akamwangalia Boazi, akaviangalia tena. "Unataka kuniambia uchawi?"

"Sijasema uchawi. Nimesema karatasi."

Lusubilo aliitwa. Alipoona leso alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka, akaacha. "Madam, hivyo ni vya kupimia makali. Unazungusha visu kwa mkono, unapitisha karatasi. Ikikatika safi, kisu kizima. Ikitafunwa, kisu butu. Nilimpimia mzee, nikaona makali hayana neno. Kwa hiyo shida ni kimo."

"Nani alikutuma kunipimia?" aliuliza Boazi.

"Hakunituma mtu, mukwai."

"Umesikia, Madam? Anaingia bandani nisipokuwepo."

Kuna watu ambao wakisema ukweli huonekana waongo kwa sababu hawana mazoea ya kujitetea, na Lusubilo alikuwa mmoja wao. Meneja akafikiri kidogo. Halafu akakata shauri kama anavyokata mtu mwenye mambo mengi ya kufanya.

"Lusubilo, nenda nyumbani Tunduma mpaka nikuite. Mzee Boazi, banda ni lako peke yako, ufunguo huu hapa. Ijumaa nitakuja na mpira wangu. Ukienda sawa, nitajua aliyeichezea mashine alikuwa nani, naye hatarudi. Ukipinda, ufagio wako uko kinuni."

Lusubilo alichukua begi lake. Alipompita Boazi alisimama. "Ipime kwa kitu kisichodanganya, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo tu."

Hata kuaga kwake Boazi alikutilia shaka.

Siku mbili alikaa kama mfalme. Ufunguo ulikuwa shingoni, kopo mfukoni, mdomo umefungwa. Alhamisi, jua lilipokausha umande, alipandisha mashine kwenye bamba, akapapasa sarafu koponi kwa vidole, zikiwa nyeusi na nzito kwa grisi, mbili huku, mbili huku. Akashusha kisu. Akakaza. Akakata grini ya kwanza akiwa na furaha ya mtu anayelipiza kisasi kwa kufanya kazi vizuri.

Akavua viatu, akakanyaga.

Ngazi.

Alirudi nyuma hatua tatu, akakanyaga tena mahali pengine. Ngazi. Upande wa kushoto, nyeupe, nyembamba, ileile. Boazi alitazama bandani, akatazama barabara ya Tunduma, akatazama miti ya kahawa ambayo haikuwa na mtu. Lusubilo alikuwa mbali, labda anakunywa chai kwa wakwe zake. Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa unamgonga kifuani.

Aliizima mashine, akaketi ukingoni na miguu yake mitupu. Kwa mara ya kwanza katika majuma yote yale alijikuta amebaki na mtuhumiwa mmoja tu, na mtuhumiwa huyo alikuwa amevaa suruali yake.

"Ipime kwa kitu kisichodanganya." Alilitoa kopo. Kwa mwanga ule wa mchana, nje ya banda, akaona jambo ambalo hakuwahi kulitazama: hakuziona sarafu kabisa, aliona grisi tu. Miaka kumi na tisa alikuwa akizijua kwa vidole. Akatoka mbio kwenda nyumbani, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mafuta ya taa.

Nesta alikuwa uani, anafunga mafungu ya maharage. Boazi alimimina mafuta ya taa kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akaitumbukiza sarafu ya kwanza, akaisugua na kipande cha gunia. Simba. Ya pili, simba. Ya tatu, simba.

Ya nne ilikuwa na ndege.

Alikuwa tai, mabawa wazi, juu ya nembo ya Zambia. Boazi aliiweka karibu na ile yenye simba, akazibana kwa kidole gumba na cha shahada. Ya tai ilikuwa nyembamba. Si kwa kiasi cha kumfanya mtu wa dukani ashtuke. Kwa unene wa ukucha tu. Lakini grini haihitaji zaidi ya ukucha. Na kila alipopima, bila kujua, sarafu ile nyembamba iliangukia mara kushoto, mara kulia, na kisu kikainamia huko ilikoangukia.

Damu ikamrudi usoni. Akasimama, akachukua koti.

"Nimempata," alisema. "Mama Gwantwa, nimempata. Nani shambani pale anatembea na hela ya Zambia? Nani katoka Kitwe? Aliniibia ya kwangu akaniwekea ya kwao, ili mimi nionekane sijui kazi. Nakwenda kwa Madam sasa hivi, na sarafu yenyewe mkononi."

Nesta aliinua macho. "Ipi?"

"Hii."

"Hiyo ya tai?"

"Ndiyo, ya tai."

"Hiyo ni yangu."

Boazi alibaki na mkono mmoja ndani ya koti.

"Jumapili ile ya mvua kubwa," alisema Nesta, bila haraka, kama anayesimulia habari za jirani. "Ulikuwa umetangulia kanisani kabla haijanyesha. Nilivaa koti lako. Mfukoni nikakuta kopo lina hela. Mimi mkononi nilikuwa na sarafu ya Nakonde tu, na wewe unajua mzee wa kanisa alivyotangaza."

Boazi alijua. Mpakani kila nyumba ina sarafu za Zambia zilizolala makoponi, kwa sababu wabadilisha pesa wa Tunduma hushika noti tu. Sarafu hawataki hata kuziona. Watu wakaanza kuzileta kanisani. Kapu likawa linajaa tai wasioweza kununua hata mshumaa, mpaka mzee wa kanisa akasimama mbele na kusema kwamba Mungu ni wa mataifa yote lakini umeme wa kanisa unalipwa kwa shilingi.

"Basi nikachukua yako moja, nikaifuta grisi, nikaitolea sadaka," alisema Nesta. "Nikakuwekea yangu. Sikukuibia. Hela kwa hela."

"Hela kwa hela," alirudia Boazi.

"Ningejuaje ni kipimo? Ulisema mambo ya kazi. Lile kopo lilikuwa linakaa kazini miaka yote, mimi hata sikuwahi kuliona. Kwa nini ulilileta huku?"

Boazi alifikiria jibu. Jibu lilikuwa refu, na popote alipolianzia lilimrudisha kwenye siku ile bandani, mtu mmoja anainama anasema asante, mukwai, na yeye anaficha kopo. Aliketi kwenye kigoda. Nesta alimtazama, akaona uso wake, akaacha kufunga maharage.

"Yule mtu mko naye vipi?" aliuliza.

"Yuko Tunduma. Amesimamishwa."

"Kwa sababu ya sadaka yangu?"

"Kwa sababu yangu."

Nesta alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na sarafu ya mia mbili, mpya mpya, simba wake anang'aa. Akaiweka kwenye kiganja cha mumewe, akaichukua ile ya tai. Boazi akaiomba irudi. "Hiyo niachie," alisema. "Nitaihitaji kesho."

Ijumaa alfajiri alipima mashine juu ya bamba, simba wanne, kila mmoja ameoshwa na kutazamwa usoni. Akakata grini zote tisa. Alipokanyaga ya mwisho, nyayo zake hazikumwambia kitu, na huko kutoambiwa kitu ndiko alikokuwa anakutafuta tangu mwanzo wa mwezi.

Madam Diana alikuja na mpira. Akausukuma kwenye grini ya nne. Mpira ulibingirika, ukanyooka, ukaingia shimoni kwa mlio kama wa kikombe kinachowekwa mezani.

"Haya," alisema meneja. Aliuchukua mpira akaufuta kwenye sketi. "Kumbe ulisema kweli, mzee. Mtu kaondoka, ugonjwa umeondoka. Nitamwandikia barua, asirudi."

Jambo lilikuwa limekwisha hivyo. Boazi hakuwa na haja ya kusema uongo. Uongo ulikuwa umeshasemwa, umekaa kwenye kiti, umekunywa chai. Kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa bingwa. Mashine ingebaki yake. Kopo lingebaki lake. Kesho wageni wa Nakonde wangesifu grini, na hakuna mtu duniani angejua isipokuwa Nesta, ambaye hangesema, ila angemtazama kila wanapokula.

Meneja alikuwa ameshageuka kwenda.

"Madam," alisema Boazi.

Alimwekea ile sarafu ya tai kiganjani. Kisha akamwonyesha kopo, akamweleza yote, la Mzee Kefa, la koti la mvua, la kapu la sadaka. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudia, kama mtoto anayeungama amevunja chungu. Siri aliyoitunza miaka kumi na tisa iliisha kwa muda wa kutembea kutoka grini ya nne hadi ya tano.

Madam Diana alizigeuza sarafu zote tano mkononi. "Kwa hiyo barua ya kufukuza nimwandikie mkeo?"

"Hapana, Madam. Nimwite Lusubilo. Na kama ni ufagio, niko tayari."

Meneja alizirudisha zile za simba koponi moja moja. "Ufagio unaweza kusubiri," alisema. "Lakini kupima, kuanzia leo, ni kazi ya watu wawili. Na hilo kopo lirudi bandani. Utampigia simu wewe, si mimi. Na utamwomba radhi mbele ya wale waliomwona akiondoka na begi."

Lusubilo alifika Jumamosi asubuhi kwa bodaboda, kabla ya wageni. Boazi alimpokea mlangoni mwa banda, wachumaji na walinzi wakiwa wamesimama pembeni na vikombe vya uji. Aliyasema maneno aliyotakiwa kusema. Hayakuwa mengi, na sauti yake ilikwama mahali pamoja, alipofika kwenye neno "nilikusingizia". Lusubilo alisikiliza akiangalia chini. Hakuwa na tabasamu siku hiyo.

"Mke wangu alilia, mzee," alisema. "Tulikuwa tumelipa nyumba."

"Nimesikia."

"Basi yameisha." Lakini aliyasema kama mtu anayefunga mlango ambao bado una upepo.

Waliingia wote wawili. Lusubilo akapanga sarafu kwenye bamba, mbili huku na mbili huku, akatikisa kichwa. "Sarafu," alisema. "Nilifikiri umeficha dawa." Boazi akashusha kisu, Lusubilo akakaza nati. Halafu akachana ukanda wa karatasi kwenye daftari kuukuu, akampa Boazi aushike, akazungusha visu kwa mkono. Karatasi ilikatika kwa mlio mwembamba, safi, na kipande kikaanguka chini ya mashine.

Lusubilo alizirudisha sarafu koponi, akampa kopo. Boazi alilipokea, akaenda nalo mlangoni penye mwanga, akalifungua, akaanza kuzitoa moja moja na kuzisogeza karibu na macho. Simba. Simba.

"Bado huniamini, mukwai?"

"Wewe nakuamini," alisema Boazi, akiigeuza ya tatu. "Hapa namchunguza Mama Gwantwa."

Nje wageni walianza kufika. Boazi alilisukuma kopo nyuma ya dumu la dizeli, akavua viatu, akavipanga ukingoni. Alipogeuka alikuta Lusubilo naye amevua vyake, ameviweka kando ya vya Boazi, lakini si karibu sana.